Tamiyo na Wageni Wasioona

Mimi si mtu wa kusifu watu. Waulize majirani zangu hapa Okuzawa, watakwambia Hatsue ana ulimi wa pilipili, na mume wangu Yasuo atathibitisha hata kabla hajaulizwa. Kwa hiyo nikisema kwamba katika kitongoji chetu cha nyumba kumi na moja hapajawahi kuishi mtu wa kumfikia Tamiyo, mjue sijipendekezi kwa mtu. Nimekaa naye ua kwa ua miaka arobaini na mbili. Nimemtafuta kasoro, maana hiyo ndiyo kazi ya jirani, na nimepata mbili tu: anatia chumvi nyingi kwenye kachumbari ya figili, na hajui kukataa.

Aliolewa hapa akiwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana na aibu nyingi, na akicheka alifunika mdomo kama aliyeiba karanga. Siku ya pili tu mama mkwe wake, Bibi Sawa, alimzungusha nyumba nzima akimtambulisha kwa miungu, kama bi harusi anavyotambulishwa kwa mawifi. Huyu ni wa jiko. Huyu ni wa kisima. Huyu ni wa choo, usimtemee mate. Hawa wa kwenye rafu ya sebuleni ni wakubwa, usiwape mgongo. Wengi wetu tulitambulishwa hivyo hivyo na nusu tukawasahau kabla ya mimba ya kwanza. Tamiyo hakumsahau hata mmoja. Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, alibadilisha maji na wali pale rafuni, akainama, akapiga makofi mawili, na mimi upande wa pili wa ua nikajua kumekucha.

Mwaka Mpya ukifika, tunatwanga mikate ya mchele na kuwawekea miungu. Tamiyo aliweka kila mahali: juu ya jiko, juu ya kisima, juu ya kiti cha trekta. Mwaka mmoja niliukuta mmoja juu ya mashine ya kufulia.

"Mama Nori," nikamwambia, "sasa hata mashine ya kufulia ina mungu?"

"Sijui," akasema. "Lakini inafanya kazi kuliko mimi na wewe. Kama haina, mkate nitaula mimi."

Na choo chake! Huku kwetu husemwa kwamba mjamzito akisugua choo vizuri, mungu wa choo humpa mtoto sura nzuri. Mimi nilipokuwa na mimba ya Rie nilisugua mpaka magoti yakaota sugu, na bado mtoto akachukua pua ya Yasuo. Tamiyo alisugua akiwa na mimba, akasugua bila mimba, na anasugua mpaka leo akiwa na miaka sitini na minne. Nilimuuliza anatafuta nini tena. Akanijibu kwamba huyo mungu amekubali kukaa mahali ambapo wenzake wote wamepakataa, na mtu wa namna hiyo haachwi kwenye uchafu.

Lakini wako wageni wanaowapita hao wote. Huku kwetu, kwenye rasi ya Noto, mungu wa shamba la mpunga si mmoja, ni wawili, mume na mke, na wote wawili hawaoni. Wengine husema walichomwa macho na masuke ya mpunga, wengine husema ni kule kukaa gizani kwenye udongo mwaka mzima. Tarehe tano Desemba, mavuno yakishaingia ghalani, mkuu wa kila nyumba hushuka shambani kwenda kuwachukua. Huwaongoza hadi nyumbani, huwaketisha mekoni wapate joto, huwaogesha, huwalisha, kisha wageni hulala juu ya magunia mawili ya mbegu hadi tarehe tisa Februari, wanaporudishwa shambani. Ule usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa hawa haufanyi kazi. Jembe wameshalishika mwaka mzima. Wacha wapumzike.

Na kuwapokea ni kazi ya wanaume. Wanawake tuko jikoni tangu alfajiri, tunapika kila kitu mara mbili kwa kuwa wageni ni wawili. Bwana mwenye nyumba huvaa joho lake lenye mabega mapana, hujibaraguza mbele ya hewa, na sisi nyuma ya mlango wa kusukuma tunasikia minong'ono tu. Kinji, mume wa Tamiyo, alikuwa na maneno yake aliyoachiwa na baba yake, na hakumwambia mtu. Miaka arobaini na mbili mkewe alipika vyakula vya siku ile, na hakuwahi hata mara moja kuona anayofanya mumewe kule shambani.

Basi Septemba Kinji akafa. Alianguka kando ya mashine ya kuvunia, nusu ya jaruba ikiwa imekatwa na nusu imesimama. Walimzika, na siku ya nne yake Tamiyo alikuwa shambani na Yasuo wangu wakimalizia ile nusu. Rafu ya miungu ilifunikwa karatasi nyeupe, kama inavyofanywa nyumba ikiwa na msiba, ili wasiguswe na kifo. Siku hamsini hakupiga makofi asubuhi. Mimi nilichelewa kuamka siku hamsini.

Siku ya arobaini na tisa ndugu walikusanyika kwa kisomo. Hapo ndipo aliposimama Eisaku, mdogo wake Kinji. Eisaku ni mtu mkubwa, fundi wa kumwaga zege, anakaa bonde la pili kutoka hapa, na akiongea vikombe vinatetemeka. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kelele.

"Nimeongea na Nori kwenye simu," akasema. Nori ni mtoto wa pekee wa Tamiyo, yuko Kanazawa, ana fleti na mke na lifti. "Anataka mama yake aende akakae naye. Na mimi naona ni sawa. Wageni mwaka huu nitawapokea kwangu. Nitachukua magunia ya mbegu mwezi ujao."

Watu wakatikisa vichwa. Kila mmoja pale alijua maana yake. Katika ukoo ule, mwenye kulaza wageni ndiye mwenye mbegu, na mwenye mbegu ndiye mwenye shamba. Magunia yakihama, majaruba kumi na manne yamehama, na nyumba inafungwa. Nilimtazama Tamiyo akimimina chai. Hakumwaga hata tone.

"Wageni nitawapokea mimi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Eisaku naye alidhani hivyo.

"Shemeji, kuwapokea ni kazi ya mwanamume."

"Mwanamume wa nyumba hii amekufa. Wageni hawajafa."

"Na maneno je? Unayajua maneno?"

"Siyajui. Wewe unayajua?"

"Nayajua, baba alitufundisha wote wawili. Lakini si ya kumpa mwanamke."

"Basi usinipe," akasema Tamiyo, akamjazia kikombe.

Eisaku akawa mwekundu mpaka masikioni. Mbele ya ndugu wote hakuweza kumfokea mjane wa kaka yake, siku ya arobaini na tisa. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Haya! Tarehe tano nitakuja mwenyewe nisimame niangalie, mwanzo mpaka mwisho. Ukikosea, shemeji, napakia magunia kwenye pikapu siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa bei ya samaki.

Lakini usiku si mrefu kwa mwenye usingizi, na Tamiyo usingizi ulimpaa. Nilijua kwa sababu alianza kuniletea vitu: kachumbari, viazi, soksi alizomfumia Yasuo. Tamiyo akiwa na hofu anagawa. Siku moja nilimkalisha.

"Mama Nori, unaogopa."

"Naogopa sana," akasema. "Kule Kanazawa nitafanya nini? Nori ni mwema, mkewe mwema. Wana jiko la umeme la kugusa kwa kidole. Nitakaa kwenye kochi wananiletea chai hadi nife. Hapa ndipo ninapojua kila kitu kiko wapi." Akaangalia viganja vyake. "Na mbegu ile, Mama Rie. Haikuwahi kulala nyumba nyingine."

Tulitoa joho la Kinji sandukuni, akalijaribu. Mabega yalimpita pande zote mbili, mikono ikaburuzika sakafuni. Akageuka kwenye kioo, akajiona. Alianza yeye kucheka, mimi nikafuata, tukacheka hadi tukalia, kisha akalia kweli. Akalikunja, akalirudisha. "Nitavaa kimono changu cha kijivu," akasema. "Hawaoni nguo."

Tarehe tano ilikuja na theluji ya maji, ile mbaya isiyojua kama ni mvua au nini. Nilikuwa jikoni kwake tangu saa kumi na moja alfajiri. Tulipika wali wa maharage mekundu, tukachemsha figili na viazi, tukakaanga tofu, tukaandaa samaki wekundu wawili na vichwa vyao, uji mtamu wa mchele, na figili moja iliyogawanyika chini kama miguu miwili, jozi kwa wageni wawili, ambayo Yasuo alikuwa ametafuta shamba zima hadi akaipata. Vyote viwili viwili kwenye sinia za mbao zilizopakwa vanishi nyekundu, na vijiti virefu vya kulia, vya mti wa msituni, vilivyochongwa asubuhi ile.

Saa tisa alasiri Eisaku akafika. Alikuwa amevaa suti nyeusi na buti za mpira. Nyuma ya pikapu yake niliona kamba na turubai, vimekunjwa tayari. Nikamwambia kuna chai. Akasema hakuja kunywa chai.

Tamiyo akatoka na jembe na mwavuli mkubwa. Nami nikatoka. Mahali pangu palikuwa jikoni, najua, lakini siku ile mila ilikuwa imeshapasuka, na mimi nikapita kwenye ule ufa.

Kwenye jaruba la chini kabisa alisimama, akagonga udongo kwa jembe mara tatu. Hilo analijua kila mtu, mlio wake unasikika hadi majumbani. Baada ya hapo yalipaswa kuja yale maneno. Eisaku alikunja mikono kifuani, akangoja. Theluji ilimwangukia Tamiyo kwenye nywele.

Kisha akainama sana, akaongea kama mtu anayeongea na wazee wa nyumbani.

"Samahani sana kwa baridi hii. Mmekaa nje muda mrefu. Mwaka huu hamtasikia sauti ya Kinji. Amefariki mwezi wa tisa, kando ya hapa mlipo, nadhani mlimsikia akianguka. Sina maneno yake. Nina maji ya moto na chakula. Tafadhali karibuni nyumbani."

Nilimwangalia Eisaku. Alikuwa bado amekunja mikono kifuani.

Tamiyo akafungua mwavuli, akaushika pembeni, juu ya mahali pasipo na mtu, na mwenyewe akabaki anarowa. Akatoa kiwiko cha mkono wa pili nje kidogo. Akaanza kupanda.

Sasa, nimewaona wanaume wa Okuzawa wakiwaleta wageni. Wanatangulia mbele, kifua nje, hatua ndefu, na kelele za "Karibuni, karibuni!" Yasuo wangu hupanda kama anayewahi basi. Tamiyo hakutangulia. Alitembea bega kwa bega na hewa ile, polepole, na kila baada ya hatua chache alisimama.

"Hapa pana mfereji. Hatua moja kubwa. Vizuri." Akangoja. "Sasa ni ngazi za mawe, tano. Ya tatu inacheza." Akangoja tena. "Upepo unatoka kulia, ni wa bonde, msishtuke."

Pale kwenye ngazi nikaelewa. Bibi Sawa, mama mkwe wake, alipoteza macho miaka tisa kabla ya kufa. Presha ya macho. Na Bibi Sawa hakuwa mtu rahisi, alikuwa jiwe lenye mdomo. Kwa miaka tisa, kupitia ule ua wa mianzi, nilisikia sauti ya Tamiyo kila siku: hapa pana kizingiti, mama, supu iko mkono wa kulia, mama, ni ya moto, nakugusa bega sasa. Hakumshika kamwe bila kumwambia. Hakumvuta. Alimwachia kiwiko, yule mzee akashika mwenyewe. Sisi tulikuwa tunapita na kusema, maskini Tamiyo. Hatukujua kwamba tunatazama kitu ambacho waume zetu walikuwa wanakiigiza mara moja kwa mwaka, tena wanakiigiza vibaya. Wazee wa watu wasioona, miaka na miaka tumekuwa tunawakokota mlimani kama mbuzi.

Katikati ya njia Eisaku akashindwa kuvumilia. "Shemeji, tutafika leo?"

"Wewe tangulia," akasema Tamiyo bila kugeuka. "Una macho."

Hakutangulia. Alibaki nyuma yetu, na nilisikia buti zake zikipunguza mwendo.

Nyumbani Tamiyo aliwaambia kizingiti, akawaambia mkeka, akawaketisha kando ya meko. Aliwaambia moto uko umbali gani. Aliwaachia muda wa kupasha mikono, muda wa kweli, hadi mimi mwenyewe nikahisi vidole vyangu vinayeyuka. Eisaku alikaa kwenye kona, mgongo wima, macho yakimfuata shemeji yake kama karani wa mitihani. Kosa hakuwa ameliona. Nilianza kupumua.

Ikaja zamu ya bafu. Maji yalikuwa yamejaa, mvuke umetanda. Tamiyo akakunja mkono wa kimono, akatumbukiza kiwiko, akaongeza jagi moja la maji ya baridi, akatumbukiza tena. Akawaambia ukingo uko wapi, akawaambia sabuni iko wapi. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akapiga magoti nje yake, kama afanyavyo mwenye nyumba anapongoja wageni waoge. Alikuwa amechoka, nywele zimelowa, shingo imemlegea. Na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayefanya jambo alilolifanya mara elfu tatu, akauuliza mlango:

"Maji vipi, Mama? Yanatosha moto?"

Nilishika mwiko nisiuangushe.

Yeye mwenyewe alichukua muda kusikia alichosema. Kisha akapeleka mkono mdomoni, rangi ikamtoka. Kumwita mungu wa shamba kwa jina la mama mkwe aliyekufa! Katika nyumba iliyotoka kufungua karatasi nyeupe! Hata mimi nisiyejali sana mambo hayo nilijua kosa ni kubwa. Akamgeukia Eisaku, akaweka paji la uso sakafuni.

"Nimekosea," akasema.

Eisaku alisimama, akavaa buti zake, akatoka. Nikasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Nikajua anachukua kamba, nikainuka nimfuate nikamwambie yote niliyomwekea tangu siku ya arobaini na tisa, na mengine ya miaka ya nyuma. Tamiyo akanishika pindo.

"Acha, Mama Rie. Tulielewana."

Tukangoja. Maji ya paa yalidondoka, friji ilinguruma ikanyamaza. Eisaku hakurudi. Nikachungulia dirishani: amekaa ndani ya pikapu, mikono miwili kwenye usukani, injini haijawashwa. Alikaa hivyo hadi kioo chote kikafunikwa na theluji, nisimwone tena.

Aliporudi hakuwa na kamba. Alikaa pale pale kwenye kona, maji yakimtiririka shingoni.

"Alikuwa anajibu nini?" akauliza.

Tamiyo akainua uso. "Nani?"

"Mama. Ukimuuliza maji. Alikuwa anajibu nini?"

Tamiyo akasita. Hajui kusema uongo, hiyo ningeiongeza kuwa kasoro ya tatu. "Alikuwa anasema, 'Yamepoa, mvivu wewe.'"

Eisaku akatoa sauti. Ilianza kama kicheko na ikaishia pengine. Lile jitu la kumwaga zege lilijiinamia, likafunika uso kwa kofia yake. Miaka tisa ile yeye alikuwa anakuja kila Mwaka Mpya na boksi la machungwa, anakaa nusu saa, anasema mama anaonekana mzima, anaondoka. Sikumsema mimi, alijisema mwenyewe, pale pale mbele yangu, mbele ya mlango wa bafu ambamo wageni walikuwa wanaoga. "Sikuwahi kumshika mkono," akasema. "Hata chooni sikumpeleka. Hata mara moja, shemeji. Niliogopa kuona macho yake."

Tamiyo hakumwambia si kitu. Ningekuwa mimi ningesema, kwa adabu tu. Yeye alingoja amalize, akampa taulo kavu, kisha akasema, "Wageni wanatoka. Chakula kitapoa."

Akawatoa, akawaketisha mbele ya sinia. Akawaambia kila kitu kilipo, kimoja kimoja: huu ni wali wa maharage mekundu, mavuno ya mwaka huu, machache kwa sababu ya Septemba, huyu ni samaki, miiba iko upande wa mgongo, hii ni figili, chumvi imezidi kidogo, mnisamehe. Aliachia muda wa kutafuna. Sijawahi kuona mtu akiheshimiwa vile, na hapakuwa na mtu. Nilijikuta nimepiga magoti jikoni na kitambaa changu cha vyombo mikononi, na sioni haya kusema kwamba nililia, mimi Hatsue, juu ya kitambaa cha vyombo.

Walipokwisha kula, tukala sisi yaliyobaki, kama ilivyo kawaida. Eisaku alikula kila kitu, hadi kichwa cha samaki. Halafu akafuta mdomo, akainuka, akaenda moja kwa moja stoo, magunia ya mbegu yalipowekwa tayari, akainama, akabeba moja kwenye kila bega.

Tamiyo alisimama. Hakulalamika. Alinyoosha kimono chake, akashusha mikono ubavuni. Alikosea, alikiri, walielewana. Ndivyo alivyo.

Eisaku akafika mlango wa nje. Hakuugusa. Akageuka kushoto, akapita kwenye ushoroba.

"Stoo ina baridi kwa wageni, shemeji," akasema. "Chumba cha Mama kinafungwa kwa ufunguo?"

"Hakifungwi," akasema Tamiyo kwa sauti ndogo.

Akasukuma mlango kwa goti. Tulimfuata tukasimama ushorobani. Alishusha magunia kwenye mkeka, mahali lilipokuwa likilala godoro la Bibi Sawa, moja kwanza, la pili likigusana nalo, taratibu, kama yana mifupa. Akavuta hita ya mafuta karibu, akaipima kwa kiganja, akairudisha nyuma kidogo. Halafu yule mtu wa kelele akapiga magoti, akaweka mikono juu ya mapaja yake, na akakaa muda mrefu hajui aanzie wapi.

"Ni mimi, Eisaku," akasema hatimaye. "Nimechelewa."

Nikamvuta Tamiyo mkono, tukarudi jikoni tukawaachia chumba.